Mama Daftari Anajibu: Krismasi Iandikwe Kwenye Daftari Lile Lile

Shikamoo Mama Daftari,

Mimi ni karani, mama wa watoto watatu. Mwaka jana Krismasi ilinikuta mikono mitupu. Nilinunua kila kitu ndani ya siku nne, nikaanza Januari kwa kukopa. Mwaka huu nikajiapiza kuanza mapema, na kweli nilianza mwezi wa nane. Matumizi ya kila siku naandika kwenye simu kama ulivyotufundisha. Shida yangu ni vitu vya Krismasi, sijui niviandike wapi. Nikivichanganya na matumizi ya mwezi, mwezi unaonekana umeniharibikia. Nikiviacha nje, mwisho wa mwezi pesa haitimii na siwezi kueleza imekwenda wapi. Sasa hivi juu ya kabati kuna vitu saba, au nane. Juzi mume wangu ameniuliza nimetumia kiasi gani mpaka leo, nikakosa jibu. Nilianza mapema ili nipate nafuu, mbona nafuu yenyewe siioni?

Karani, mama wa watatu

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale ulipoandika "saba, au nane."

Nimetunza hesabu za stoo kwa miaka 22. Kitu kilichoingia stoo bila kuandikwa ni kama hakipo, kwa sababu wiki ijayo mtu ataagiza kingine cha aina ile ile. Kabati lako limekuwa stoo isiyo na kitabu. Novemba utaona tangazo la punguzo, utajaribu kukumbuka kama mtoto wa kati ulishamnunulia, hutakuwa na hakika, na utanunua tena ili moyo utulie. Anayenunua mapema bila kuandika amejiongezea tu miezi ya kununua.

Basi leo hii, kabla hujanunua kingine chochote, panda kwenye kiti ushushe vitu vyote. Viweke kitandani. Kwa kila kimoja andika ni kitu gani, ulikinunua lini, ulilipa kiasi gani, na ni cha nani. Risiti zilizopo zitie kwenye bahasha moja. Bei usiyoikumbuka itafute kwenye ujumbe wa malipo wa simu yako, maana tarehe unaijua kwa kukisia. Ukikuta kitu ambacho huwezi kusema ni cha nani, hicho hukumnunulia mtu, ulivutwa na bei yake. Usijilaumu, lakini usikirudishe kabatini bila jina.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe, vitu vya Krismasi viandikwe wapi.

Pesa ya Krismasi inatoka mkononi mwako mara mbili, na watu wengi wanaandika mara moja tu. Mara ya kwanza inatoka kwenye matumizi ya kawaida na kuingia kwenye fungu la Krismasi. Mara ya pili inatoka kwenye fungu na kwenda kwa muuzaji. Ile ya kwanza ndiyo matumizi ya mwezi. Iandike kila wiki kama vile umemlipa mtu: "Krismasi", na kiasi. Ile ya pili usiiweke kabisa kwenye matumizi ya mwezi. Iandike kwenye ukurasa wa fungu, mbele ya jina la yule uliyemnunulia. Kwa njia hiyo mwezi wa tisa hautaonekana umeharibika kwa sababu tu ulinunua viatu viwili wiki moja, na mwezi wa kumi hautaonekana mzuri kwa sababu hukununua kitu. Kila mwezi utabeba mzigo wake sawasawa.

Na kurasa zote mbili ziwe kwenye daftari moja, au kwenye simu ile ile moja. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona madaftari mazuri ya Krismasi, yenye rangi na mistari, yanayokaa peke yao kwenye droo, na mwenye nayo hajui kwamba pesa anayoipanga humo alishaitumia kwenye nauli.

Nikupe mfano wa namba. Bajeti yako yote ya Krismasi tuiite 100. Umeshusha vitu, umejumlisha bei, umekuta vimekula 27. Hizo 27 zihesabu kama michango uliyokwisha kutoa, hata kama ulizitoa bila mpango. Zimebaki 73. Kuanzia tarehe 1 Oktoba mpaka tarehe 25 Desemba ni siku 85, yaani wiki 12 na siku moja. Gawa 73 kwa 12, unapata 6 na kidogo kwa wiki. Hiyo sita ndiyo bili yako mpya. Ukiona haiwezekani, ni bora ulijue hilo sasa, upunguze ile 100 mapema kuliko kuja kupunguza mlo wa Januari.

Kisha kuna ukaguzi mmoja wa kufanya kila Jumamosi, hauzidi dakika tano. Jumla ya michango yote lazima iwe sawa na bei ya vilivyonunuliwa pamoja na pesa iliyobaki kwenye fungu. Tuseme baada ya wiki tano michango imefika 57, na vitu vilivyonunuliwa vyote ni 40. Kwenye fungu panatakiwa kuwe na 17. Ukikuta 14, kuna 3 imetembea. Itafute siku hiyo hiyo, wakati bado unakumbuka. Labda ulikopa kwenye fungu kununua dawa. Hilo si kosa, ila liandike kwa wino mwekundu: "fungu linadai 3." Kazini nilikuwa nafunga stoo kwa hesabu hii hii, na siku mume wako atakapouliza tena utamfungulia ukurasa.

Sasa, hiyo sita ya kila wiki itatoka wapi? Hapa ndipo yale maandishi yako ya kila siku yanapofanya kazi.

Mwaka niliokwama mimi, nilikuwa na hakika kwamba zawadi ndizo zilizonimaliza. Nilikaa chini Januari na risiti zangu nikakuta zawadi zilikuwa theluthi moja tu ya pesa ya Desemba. Zilizobaki zilikuwa nauli za kwenda na kurudi, nguo, michango ya huku na kule, wageni, karatasi za kufungia, na vitu vya nyumbani ambavyo nilijiambia "si ni sikukuu." Hakuna hata kimoja nilichokuwa nimekipangia. Ndiyo maana nakuomba, kwenye ukurasa wa fungu, majina ya watu yakiisha piga mstari na uandike hayo mengine nayo, kila moja na kiasi chake.

Mwaka uliofuata nikaandika kila senti kwa wiki mbili bila kubadilisha chochote. Usianze kwa kujinyima, maana utakuwa unaandika maisha ya mtu mwingine. Siku ya 14 nikasoma kurasa zangu na penseli nyekundu. Nilikuta nimepanda gari la kukodi mara 9, zote ni siku nilizochelewa kutoka nyumbani. Nilikuta nimetuma pesa mara 11, vipande vidogo vidogo kwa watu wawili wale wale, na kila kipande kimelipiwa ada yake. Nauli hizo na ada hizo pamoja zilipita kiasi nilichokuwa nasema sina cha kuweka kwa wiki. Sikufunga mkono wala sikuacha kusaidia mtu. Nilianza kutuma mara moja kwa mwezi badala ya vipande vipande, na nikatega kengele ya asubuhi ilie dakika 20 mapema zaidi.

Nawe tafuta jambo moja au mawili ya namna hiyo kwenye simu yako. Usitafute kumi. Mtu akikata vitu kumi wiki ya kwanza, wiki ya tatu anavirudia vyote kwa hasira.

Neno moja kuhusu kuandika kwenye simu. Andika palepale unapolipa, usisubiri usiku. Usiku tunakumbuka kikubwa tulichonunua na kusahau vidogo sita. Ujumbe wa malipo nao hautoshi, kwa sababu unakuambia kiasi na aliyepokea, haukuambii kwa nini. Na malipo yasiyopita mkononi yana udhaifu wake. Mwaka 2001 watafiti wawili waliokuwa wakifanya kazi Marekani, Drazen Prelec na Duncan Simester, walichapisha majaribio ambamo watu walitaja bei ya juu zaidi watakayotoa kwa kitu kile kile, mfano tiketi za mchezo wa mpira wa kikapu. Walioambiwa watalipa kwa kadi walitaja bei kubwa zaidi kuliko walioambiwa watalipa taslimu, tena kwa tofauti kubwa. Noti ukiitoa unaiona ikiondoka. Kwenye simu unabonyeza tu. Yale maneno mawili unayoandika baada ya kubonyeza yanakurudishia macho.

Tena acha nafasi ya mambo yasiyotarajiwa. Mwandishi wa habari wa Japani, Hani Motoko, alichapisha mwaka 1904 daftari la matumizi ya nyumbani, na mtindo huo, unaoitwa kakeibo, unatumika hadi leo. Matumizi hugawanywa mafungu manne: ya lazima, ya kupenda, ya kujielimisha na kuburudisha akili, na yasiyotarajiwa. Fungu hilo la nne ndilo nililolichukua mimi. Lisipokuwepo, mtoto akiugua Novemba, utabomoa fungu la Krismasi, halafu utalikatia tamaa lote.

La mwisho kwako, mwanangu, ni lipi linunuliwe mapema na lipi lisubiri, maana kuna nafuu inayogeuka hasara. Nguo na viatu vya watoto vya mwezi wa nane vinaweza kubana Desemba, kwa hiyo nunua saizi kubwa au subiri Novemba. Kitu chenye betri au umeme kijaribu siku ile ile ulipokinunua. Dhamana huanza kuhesabiwa tarehe ya risiti, si tarehe ya kufungua zawadi, na muda wa kubadilisha bidhaa mara nyingi ni siku au wiki chache tu. Ukikiacha kwenye boksi miezi minne, huenda mtoto akakifungua hakiwaki, na muuzaji akawa hana tena wajibu nacho. Vitu kama vitabu, shuka, vyombo, mikoba na karatasi za kufungia vinunue hata leo. Kwa mtoto mkubwa anayebadilisha anachopenda kila mwezi, weka pesa mbele ya jina lake na uache kitu chenyewe wazi hadi Desemba. Hiyo nayo ni kujiandaa mapema.

Shikamoo Mama,

Mimi ni seremala. Unatuambia tuweke kila wiki, lakini mimi wiki moja napata kazi mbili, wiki tatu sipati hata moja. Kila nikiweka, nakuja kutoa.

Fundi asiye na mshahara

Marahaba baba. Wewe usiweke kwa wiki, weka kwa kazi. Kila malipo yakiingia, kabla hujafika nyumbani, toa sehemu ile ile, tuseme 8 katika kila 100 iliyobaki baada ya kulipia mbao na misumari. Usitoe kwenye malipo yote, maana pesa ya mbao si yako na ndiyo inayokudanganya kwamba umepata. Kazi kubwa itatoa kikubwa, ndogo itatoa kidogo, na wiki kavu haitadai kitu.

Kuhusu kutoa ulichoweka, nadhani tatizo ni mahali. Pesa iliyolala pamoja na ya matumizi itatumika. Mwaka 1909 benki moja katika mji wa Carlisle, jimbo la Pennsylvania huko Marekani, ilifungua akaunti ya Krismasi: watu walikuwa wakiweka kidogo kidogo kila wiki na kulipwa fungu lote sikukuu inapokaribia. Benki nyingi ziliiga, na riba haikuwa ndiyo iliyowavuta watu, mara nyingi ilikuwa ndogo au haikuwepo. Walitaka pesa isiyofikika kwa urahisi na yenye jina. Mwanauchumi Richard Thaler, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, ameandika sana juu ya hili: kwa hesabu pesa zote ni sawa, lakini mtu huziheshimu kulingana na jina alilozipa. Kwa hiyo tafuta akaunti isiyo na kadi, au kibubu kisicho na mlango, au ndugu asiyekopesheka, na uandike jina juu yake.

Na fundi hasa akumbuke Januari. Wateja wako nao wametoka kutumia. Hata waajiriwa wanaolipwa mapema, tarehe 20 Desemba, kisha wakasubiri tarehe 31 Januari, wana siku 42 za kuishi kwa mshahara wa mwezi mmoja. Kwako inaweza kuwa zaidi. Fungu la Januari lijaze kabla ya lile la zawadi.

Mama Daftari shikamoo,

Nimeona simu nzuri ya kumpa mama Krismasi, imepunguzwa bei kwa asilimia 20 wiki hii tu. Sina pesa yote, ila naweza kukopa na kulipa kwa miezi sita, riba asilimia 5 kwa mwezi. Si ni bora nikope sasa kuliko kununua Desemba kwa bei kamili?

Kijana wa kazi ya kwanza

Marahaba mwanangu. Kumkumbuka mama yako kwa mshahara wa kwanza ni jambo jema sana, ndiyo maana nataka tukokotoe pamoja. Bei kamili ni 100, kwa punguzo utalipa 80. Umekopa 80. Kama riba ya asilimia 5 inahesabiwa kwa mkopo wote kila mwezi, bila kujali umeshalipa kiasi gani, ni 4 kwa mwezi, kwa miezi sita ni 24. Umelipa 104. Simu iliyopunguzwa bei imekugharimu kuliko isiyopunguzwa, na ada ya kufungulia mkopo bado sijaihesabu. Uliza kwanza riba inahesabiwa kwenye mkopo wote au kwenye deni linalobaki, na umwambie mkopeshaji akuandikie jumla utakayolipa mpaka mwisho. Anayekwepa kukuandikia jumla hiyo, ondoka.

Halafu hilo punguzo la 20, ni kutoka bei gani? Bango la muuzaji halitoshi. Tangu leo andika kwenye daftari bei ya kila kitu unachokitamani, na tarehe. Ukikikuta tena baada ya wiki nne utajua kama kweli imeshuka, au ilipandishwa kwanza kisha ikapunguzwa. Mimi nina ukurasa mmoja wa bei kila mwaka, na umenirudisha nyumbani mikono mitupu mara nyingi, nikiwa na furaha.

Mama hajakuomba simu ya wiki hii. Weka kila mwezi kile ambacho ungemlipa mkopeshaji, na ikifika Desemba haijatosha, mwambie ukweli na umpe Machi.

Shikamoo Mama,

Mimi na mke wangu tunatumia daftari moja, kila mtu anaandika na kila mtu anasoma. Nataka kumnunulia zawadi asiyoijua. Nikiandika ataona, nisipoandika hesabu haitafunga na atadhani nimeanza kuficha pesa. Nifanyeje?

Mume wa daftari moja

Marahaba baba. Andika kiasi, usiandike kitu. Mbele ya jina lake weka tarehe, weka namba, na mahali pa jina la kitu chora mstari mtupu. Mwambie mapema kwamba mstari huo upo na kwamba naye ana haki ya kuchora wake mbele ya jina lako, ila kiasi mkubaliane kabla, kiwe sawa kwa wote wawili au kilingane na kipato cha kila mmoja. Hesabu ya Jumamosi itafunga bila kumfichulia kitu. Risiti iache kazini kwako, au kwa mtu unayemwamini, usiitie kwenye bahasha ya nyumbani.

Asubuhi ya sikukuu, akishafungua, mpe kalamu aujaze mstari mwenyewe.